Jamalpur: reli ilipita, karakana ikabaki

Wanaosema reli ndiyo iliyoujenga mji wa Jamalpur, jimboni Bihar nchini India, wamepatia nusu. Kampuni ya East Indian Railway ilifungua karakana yake hapo tarehe 8 Februari 1862, enzi ambazo njia kuu ya kutoka Howrah, ng'ambo ya mto kutoka Kolkata, ilikuwa ikiufuata mto Ganges na kupita mjini. Miaka tisa baadaye, 1871, njia ya mkato kupitia Asansol ikakamilika, na treni za safari ndefu zikahamia huko. Mji wa kuuzia abiria chai na chapati ungekufa. Jamalpur haukufa, maana ulaji wake haukuwa kwa abiria. Ulikuwa kwenye karakana.

Na karakana haikuwekwa hapo kwa bahati tu. Jirani kuna Munger, ambako Mir Qasim, Nawab (mtawala) wa Bengal, alihamishia makao yake miaka ya 1760 akaanzisha kiwanda cha silaha. Mafundi bunduki wa huko walirithishana kazi baba kwa mwana, na mtu aliyezoea kunyoosha mtutu hahangaiki sana na bomba la mvuke. Mwaka 1899 karakana ikatoa injini yake ya kwanza, CA 764, iliyopewa jina la Lady Curzon. Hata aina moja ya jeki ya kunyanyulia mabehewa na vichwa vya treni inaitwa kwa jina la mji huu mpaka leo.

Hapo ndipo watetezi wa reli huishia, nami siwafuati zaidi ya hapo. Wazungu walijengewa nyumba zenye bustani kwenye mitaa iliyonyooka kama rula (mmoja uliitwa Steam Road, yaani Barabara ya Mvuke!), na Wahindi wengi waliofua chuma kile kile wakaishi kwingine. Vyeo vya juu navyo vilifuata rangi kwa miongo mingi. Aliyekuajiri ndiye aliyekupa nyumba, kwa hiyo kugombana na msimamizi ilikuwa ni kuhatarisha kazi na paa kwa mpigo.

Utegemezi huo haukuondoka na Mwingereza. Mwaka 2020, uliposikika mpango wa kukihamishia Lucknow, mji wa jimbo jingine, chuo cha Jamalpur cha wahandisi wa reli, chenye mizizi ya mwaka 1888, kelele zilipigwa mpaka serikali ya jimbo ikaingilia. Wapo waliowaona wenyeji kama watoto wanaomlilia mzazi. Mimi naona walikuwa na hoja: mji usio na mwajiri wa pili wa ukubwa ule hauwezi kuyachukulia mambo hayo kiungwana. Lakini hoja hiyo hiyo inaishtaki reli. Fundi wa Munger alikuwa fundi kabla haijalazwa hata pau moja ya reli. Kwa zaidi ya miaka 150 iliyofuata, ujuzi wa eneo lile umekuwa na mnunuzi mmoja mkubwa, na bei amepanga yeye.