Shangazi kapata 85, mkekani hainuki

Wiki iliyopita nimemrudisha shangazi Tandahimba na karatasi yake mkononi: 85 kwa 100. Kijana wa mazoezi ya viungo kamwandikia kwa kalamu nyekundu "maendeleo mazuri". Kwenye basi njia nzima anaitazama kama mtoto aliyefaulu la saba. Tumefika, kaketi mkekani kula ugali na kisamvu, kumwinua tumekuwa watu wawili.

Nikaichukua ile karatasi. Ni kipimo cha Barthel, kile cha Marekani cha mwaka 1965, cha kuona mtu anavyojimudu shughuli za kila siku, vipengele kumi. Kuoga kakatwa tano, sawa, kiharusi hakijamwachia mkono. Halafu kumi zote zimekwenda kwenye kupanda ngazi. Ngazi! Nyumba ya shangazi ina kizingiti kimoja. Ngazi anazozijua ni za basi, na hizo konda ndiye anayempandisha.

Kwenye choo kapewa kumi kamili. Aliulizwa, "Bibi, chooni unaenda mwenyewe?" Akajibu, "Naenda, mwanangu." Na kweli anaenda. Ila cha kwetu ni cha kuchuchumaa, akimaliza anamwita mjukuu aje amvute. Hilo hakuulizwa, na mtu mzima ataanzaje kulisema mbele ya kijana wa umri wa mwanawe? Kwa hiyo kakosa kumi za ngazi asizokuwa nazo, kapata kumi za choo kinachomshinda. Jumla imekaa vizuri, takwimu zipelekwe juu.

Nakubali, shingo upande, namba ni afadhali. Kabla ya hapo faili lake lilikuwa "anaendelea vizuri" mara nne, na katikati alishaanguka uani. Na mtafiti anahitaji kipimo cha wote ili alinganishe wagonjwa wa Mtwara na wa Dodoma. Haya.

Lakini tangu 1995 kipo kingine, cha Kanada, ambacho mgonjwa mwenyewe hutaja shughuli chache zinazomshinda, akajipa alama kuanzia 0, hawezi kabisa, hadi 10, anaweza kama zamani. Hakitaki mashine. Kinataka kalamu, na dakika chache za kumsikiliza mtu. Labda hapo kwenye kusikiliza ndipo bajeti inapoishia.

Jioni ile nikamjaribia barazani. "Shangazi, kipi kinakushinda?"

Ngazi hakuitaja. "Kuinuka chini. Kuswali bila kiti. Na korosho, baba, Oktoba hiyo inakuja."

Kuokota anaokota, lakini juu ya kigoda, anakisogeza kwa mguu mzima kidogo kidogo chini ya mkorosho. Nikamuuliza kwenye korosho anajipa ngapi.

Kafikiri. "Andika mbili. Ila moja ni ya kigoda."