Chefchaouen si duka la rangi

Mtajie mtu mji wa Chefchaouen, Moroko, siku hizi, atachomoa simu akuonyeshe kuta na ngazi zilizopakwa buluu na vyungu vya maua. Sina ugomvi na buluu. Ugomvi wangu ni na matembezi ya saa mbili ambayo mgeni anavutwa kutoka ukuta mmoja hadi mwingine kana kwamba amekuja kuchagua rangi ya sebule yake.

Mimi ningeanzia kwenye ngome, pale uwanja wa Uta el-Hammam, karibu na msikiti mkuu wenye mnara wa pembe nane. Mji huu wa milima ya Rif, kaskazini mwa Moroko, aliuanzisha Moulay Ali Ben Rashid mwaka 1471, mwaka uleule Wareno walipoteka Asilah na Tangier. Naam, Wareno haohao. Sisi wa pwani walitufikia 1498. Basi huku watu walipanda mlimani kujihami. Wakafuatia wakimbizi wa Andalusia, Waislamu na Wayahudi waliofukuzwa Hispania, wakajenga nyumba za ua wa ndani na mapaa ya vigae kama walizoziacha. Bintiye Moulay Ali, Sayyida al-Hurra, alikuja kutawala Tetouan na kupeleka meli zilizowakosesha Wareno usingizi. Kiongozi wa watalii niliyemlipa hakumtaja hata kwa bahati mbaya.

Na mji haukupenda wageni. Mfaransa Charles de Foucauld alipotaka kuuona mwaka 1883, ilibidi ajifanye Myahudi. Wahispania waliingia kwa jeshi mwaka 1920.

Sasa hiyo buluu. Kiongozi alisema ililetwa na Wayahudi. Muuza mazulia akasema inafukuza mbu. Mwenye mgahawa, huku akinimiminia bisara, ile supu nzito ya maharage yaliyopondwa, yenye mafuta ya zeituni na bizari nyembamba juu, akasema ni kwa ajili ya joto. Nilichokiona kwa macho yangu ni kona moja karibu na lango la Bab el-Ain ambapo chokaa ilikuwa imebanduka: buluu, chini yake nyeupe, kisha buluu iliyopauka, kisha nyeupe tena. Nilikaa pale kuliko nilivyokaa kwenye kichochoro chochote maarufu.

Kuna wenye nyumba waliopamba milango yao kwa viti na vikapu, na ukitaka kupiga picha wanakudai dirham tano. Wageni wengi hununa. Mimi nililipa bila kinyongo. Chokaa hainunuliwi kwa sifa, na brashi haijishiki yenyewe.

Tulimalizia Ras el-Maa, chemchemi inayotoka mlimani, maji baridi mpaka meno yanauma. Hapo hakuna buluu ya kutosha, kwa hiyo wenzangu walikaa dakika kumi wakaondoka. Nikabaki. Akapita mama mmoja, kofia pana ya ukili kichwani, shuka la milia myekundu na myeupe kiunoni, mgongoni mzigo wa majani ya mifugo. Vijana wawili walikuwa wameziba ngazi, mmoja akimpanga mwenziwe aegemee ukuta vizuri. Mama akasimama. Hakusema kitu. Akaushusha mzigo, akaketi juu yake, akawatazama mpaka walipomaliza.