Mita 23 Zinakushinda Nini?

Ni siku ya nne tangu turudi Denver na yule baba mwenye koti la rangi ya chungwa bado ananikera. Alikatiza majani mpaka karibu na dume la wapiti, yule mnyama mkubwa wa Amerika wa jamii ya kulungu, akamgeuzia mgongo, akanyoosha simu. Kisha, jamani, akamwita na mwanawe aje watokee wote.

Tulikwenda wawili tu, mimi na mume wangu, bila ratiba. Wikiendi ya mwisho wa Septemba, chupa ya chai, maandazi ya jana na kamera moja tunayogombania. Kabla jua halijachomoza tulikuwa tumeshaegesha pembeni mwa barabara pale Horseshoe Park, ndani ya hifadhi ya Rocky Mountain. Baridi ya kung'ata masikio. Ghafla, mlio. Mnyama wa kilo mia tatu na zaidi ungetegemea angurume; huyu anaanzia chini kifuani, anapanda mpaka sauti inalia kama geti lisilotiwa grisi, anamalizia kwa kukohoa. Mume wangu alicheka mpaka chai ikamwagika. "Mama watoto, huyu anaomba majike au anaomba maji?"

(Wapiti ni jina la Washawnee, kabila la wenyeji wa Amerika, maana yake makalio meupe. Mimi kila nikilisikia nadhani kuna wageni wanaruhusiwa wapite.)

Ukungu ulipoinuka tukamwona: tope tumboni, ubua wa nyasi unaning'inia kwenye pembe, majike kumi na mmoja wa kulinda. Jike mmoja akijitenga, anamfuata, ananusa, anainua mdomo wa juu kama mtu aliyeonja ndimu, anamrudisha. Kwenye misonobari alisimama dume kijana akijifanya anakula. Tulikaa hivyo saa nzima. Sikumbuki lini mara ya mwisho tulikaa saa nzima bila kuzungumzia bili.

Ndipo likaja koti la chungwa.

Usimsogelee wapiti chini ya mita 23, ndiyo sheria. Urefu wa mabasi mawili. Na yale majani Septemba na Oktoba hayakanyagwi kuanzia jioni mpaka asubuhi, mabango yapo. Lakini watu wanadhani sheria imewekwa kuwakinga wao na pembe, kwa hiyo jasiri anajiona ana ruhusa. Ndugu yangu, ujasiri wako haujaulizwa! Dume msimu huu wa kupandana karibu hali chakula. Anakimbia, anapigana, analia usiku na mchana, anachoma mafuta aliyoyaweka kiangazi, na theluji iko njiani. Kila jike unayemshtua ni mbio nyingine kwake. Wewe unapata kipicha, yeye anaingia majira ya baridi mbavu nje. Na ukipigwa pembe, atakayeonekana mkorofi ni nani? Wapiti wa hapa walishamalizwa na wawindaji mara moja, ikabidi waletwe wengine kutoka hifadhi ya Yellowstone mwaka 1913 na 1914. Haya, endelea kujipiga selfi.

Sawa, picha yake itakuwa kali kuliko zangu. Dume wangu ni doa la kahawia lenye matawi. Na nisijifanye mtakatifu: Ngorongoro, miaka ile, kwenye gari lililojaa mashemeji, ni mimi niliyemwambia dereva, "Kaka, sogea kidogo tu, simba hatuoni vizuri." Akasogea. Simba akainuka akaondoka, nasi tukalalamika.

Mtoto hakufika. Mmoja wa wale wa kujitolea wa hifadhi alipaza sauti, dume akageuza kichwa, masikio nyuma, na lile koti likarudi barabarani mbio kuliko lilivyokwenda. Majike nao walishatawanyika. Tisa walirudi. Wawili waliishia misonobarini, kwa yule kijana.

Dume akasimama pale katikati, mvuke ukimtoka puani, akalia tena kama geti. Safari hii mume wangu hakucheka.