Uwanja wa Ndege wa Gulu: Jeshi Libaki, Masharti Yaandikwe

Hapa Gulu, kaskazini mwa Uganda, mazungumzo kuhusu uwanja wetu wa ndege, ambao jeshi na raia huutumia pamoja, huishia karibu kila mara kwenye mvutano uleule. Mfanyabiashara anayetaka kupeleka ufuta na asali yake Juba atasema jeshi lihame ili uwanja ukue, na mzee aliyeishi hapa wakati wa vita atamjibu kwamba bila jeshi uwanja huo ungekuwa malisho ya mbuzi. Nimewasikiliza wote wawili mara nyingi, na naona wanabishania jambo lisilo kiini cha tatizo. Uwanja unaotumiwa na ndege za kiraia na za kijeshi kwa pamoja si kioja. Viko vingi duniani, na vingi vinafanya kazi vizuri. Ninachodai ni kwamba masharti ya matumizi hayo yaandikwe, yatiwe saini na Mamlaka ya Usafiri wa Anga pamoja na jeshi, na sehemu zake zisizohusu siri za ulinzi zichapishwe ili rubani, abiria na mkazi wa jirani waweze kuzisoma.

Mali inayogombaniwa si ndogo. Njia ya kurukia ya Gulu ina urefu wa zaidi ya kilomita 3, wakati ile kuu ya Entebbe ina mita 3,658. Kwa mji ulio kilomita 330 hivi kutoka Kampala, na takriban kilomita 100 kutoka Elegu kwenye mpaka wa Sudan Kusini, huo ni utajiri ambao miji mingi ya Uganda haina. Gulu iko zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, na mchana wa Januari au Februari joto hufanya hewa iwe nyepesi, jambo linaloilazimu ndege yenye mzigo kukimbia umbali mrefu zaidi kabla ya kunyanyuka. Ndege ndogo aina ya Cessna Caravan haihitaji hata nusu ya lami hiyo, lakini ndege kubwa ya mizigo inaihitaji, na ndege za kijeshi za uchukuzi zinaihitaji pia. Tungekuwa watovu wa shukrani kusahau kwamba viwanja vingi vya namna hii barani Afrika vina lami ndefu na nene kwa sababu palikuwa na jeshi lililotaka hivyo. Mahesabu ya tikiti peke yake yasingejenga kilomita 3 za lami huku kaskazini.

Vilevile hatuwezi kuzungumzia uwanja huu kana kwamba hauna historia. Katika miaka ya vita dhidi ya waasi wa LRA wa Joseph Kony, helikopta za kivita zilitumia Gulu, na wafanyakazi wa misaada walitua kwenye lami hiyohiyo kwa sababu barabara zilikuwa hatari. Mji huu ni makao ya Divisheni ya Nne ya UPDF, yaani jeshi la Uganda, mpaka leo. Operesheni ya kushambulia kambi za LRA katika msitu wa Garamba, huko Kongo, ilipoanza Desemba 14, 2008, sisi tuliokuwa tumezoea utulivu tangu makubaliano ya Agosti 2006 ya kusimamisha mapigano tulianza tena kuinua macho juu kila tuliposikia mngurumo. Wapo watu wazima mjini humu ambao hata sasa, helikopta ikipita chini chini, hunyamaza katikati ya sentensi mpaka ipite. Mtu wa namna hiyo akiarifiwa redioni mapema kwamba wiki ijayo kutakuwa na mazoezi ya kijeshi, atalala. Asipoarifiwa, atakesha. Tangazo kama hilo halifichui siri yoyote, maana helikopta yenyewe haifichiki.

Manufaa ya upande wa kiraia nayo yalionekana wazi mwaka 2024, daraja la Karuma, linalovusha barabara ya Kampala hadi Gulu juu ya Mto Nile, lilipofungwa kwa ukarabati, kwanza kwa malori na mabasi mwezi Mei, kisha kwa magari yote kuanzia Septemba. Mabasi yalizunguka mbali, nauli zikapanda, na mgonjwa aliyepewa rufaa ya hospitali ya Mulago, Kampala, alipaswa kuhesabu saa nyingi zaidi njiani. Umbali ambao ndege ndogo huumaliza kwa takriban saa moja ukawa safari ya kutwa nzima. Anayejua usafiri wa ndege hizo za ndani anajua kwamba hauna fahari yoyote: abiria mwenyewe hupandishwa kwenye mizani pamoja na begi lake mbele ya wenzake wote, kilo zake huandikwa kwa kalamu kwenye karatasi, halafu rubani huamua nani akae mbele na nani nyuma ili uzito usielemee mkia. (Kina mama hukataa kutazama sindano ya mizani, wanaume hujifanya hawajali.) Hata hivyo ndiyo safari inayomfikisha mtu, na kampuni inayoiendesha haiwezi kupanga ratiba ya uhakika kwenye uwanja ambao haijui saa gani utakuwa wake na saa gani utakuwa wa mwenzake.

Sheria za kimataifa zinatupa pa kuanzia, ingawa si mbali sana. Mkataba wa Chicago wa mwaka 1944, ambao ndio msingi wa usafiri wa anga wa kiraia duniani, unasema katika Ibara ya 3 kwamba unahusu ndege za kiraia tu. Ndege za jeshi, forodha na polisi zinahesabiwa kuwa ndege za dola na haziongozwi nao. Lakini ibara hiyohiyo inazibana nchi wanachama kwamba, zinapotunga kanuni za ndege zao za dola, zizingatie usalama wa ndege za kiraia. Kiambatisho cha 11 cha mkataba huo nacho kinataka shughuli zozote zinazoweza kuhatarisha ndege za kiraia ziratibiwe mapema na wanaoongoza ndege, ili taarifa iwafikie marubani kwa wakati. Kwa maneno mengine, jeshi halilazimiki kufuata ratiba ya raia, lakini serikali inalazimika kuhakikisha kwamba pande hizi mbili hazikutani angani kwa bahati mbaya.

Kukutana kwa bahati mbaya si jambo la kufikirika. Januari 29, 2025, karibu na uwanja wa Reagan mjini Washington, helikopta ya jeshi la Marekani iligongana na ndege ya abiria aina ya CRJ700 iliyokuwa ikikaribia kutua, na watu wote 67 waliokuwa katika vyombo hivyo viwili wakafa. (Ndege hiyo ni ya ukoo mmoja na CRJ900 ambazo Uganda Airlines ilianza nazo upya mwaka 2019.) Kilichonishtua zaidi ni kilichogunduliwa baadaye kuliko ajali yenyewe. Helikopta haikuwa ikitangaza mahali ilipo kwa mfumo wa ADS-B ambao ndege za abiria huutumia, na wachunguzi walipopitia kumbukumbu za kuanzia Oktoba 2021 hadi Desemba 2024 walikuta matukio 15,214 ya ndege na helikopta kukaribiana kupita kiasi katika eneo hilo. Kumbukumbu zilikuwepo muda wote huo, na helikopta ziliendelea kupita palepale. Ikiwa taifa lenye rada na fedha kiasi hicho lilifika hapo kwa sababu raia na wanajeshi walikuwa wakiitumia anga moja kwa mazoea, basi sisi wenye ndege chache tusijidanganye kwamba uchache wao unatutosha kuwa kinga. Ndege mbili tu zinatosha kugongana.

Wapo waliokwisha kupanga mambo haya vizuri kuliko wengine. Katika jimbo la Goa nchini India, ambako walitoka mababu wa familia kadhaa za Entebbe na Kampala, uwanja wa Dabolim ni mali ya jeshi la majini, na kwa miaka mingi saa za asubuhi hadi adhuhuri katika siku za kazi zilitengwa kwa mazoezi ya marubani wa jeshi. Mashirika ya ndege yalilalamika, na yalikuwa na haki ya kulalamika, kwa kuwa ndege zao zilibanana katika saa zilizobaki. Hata hivyo kila shirika lilizijua saa hizo na likapanga ratiba yake kwa kuzizingatia. Djibouti ilichukua njia nyingine: ndege zisizo na rubani za Marekani zilizokuwa zikiruka kutoka uwanja mkuu wa Ambouli, unaotumiwa pia na ndege za abiria, zilihamishiwa uwanja wa Chabelley mwaka 2013 kutokana na wasiwasi wa usalama. Kwa hiyo hata mgeni mwenye nguvu huweza kuombwa asogee, ilimradi mwenyeji ajue anachokitaka.

Sasa nije kwenye jambo ambalo watetezi wa jeshi hawapendi kulisikia. Uwanja wenye ndege za kivita unaweza kuhesabiwa kuwa shabaha halali wakati wa mapigano, na abiria aliyeketi ndani ya jengo la kusubiria hana namna ya kujitenga na hesabu hiyo. Uganda inalijua hilo kuliko nchi nyingi. Makomando wa Israel walipovamia Entebbe usiku wa kuamkia Julai 4, 1976 kuwaokoa mateka wa ndege ya Air France, waliharibu pia ndege za MiG za jeshi la Idi Amin zilizokuwa zimeegeshwa uwanjani hapo, ili zisiwafuate. Miaka mitatu baadaye, mwezi Aprili 1979, Entebbe ilitekwa siku chache kabla ya Kampala, kwa sababu hakuna jemadari anayeuacha uwanja wa namna ile mikononi mwa adui. Na kama mifano hiyo ni ya zamani, Khartoum ni ya juzi: Aprili 15, 2023, siku ambayo vita vya Sudan vilianza, ndege ya Saudia aina ya Airbus A330 iliyokuwa ikijiandaa kuelekea Riyadh ilipigwa risasi ikiwa na abiria ndani, katika uwanja ambao jeshi nalo lina kambi yake ya anga. Wasudani waliokimbia vita hivyo wanaishi leo Kiryandongo, kusini kidogo tu mwa Karuma, na hawahitaji kuelezwa maana ya uwanja wa pamoja.

Itifaki ya Kwanza ya mwaka 1977 ya Mikataba ya Geneva inazitaka nchi, kadiri inavyowezekana, ziepuke kuweka malengo ya kijeshi karibu na maeneo yenye watu wengi. Siichukui kauli hiyo kuwa amri ya kuhamisha kambi. Ninachokisoma humo ni wajibu wa kutenganisha: maegesho ya ndege za jeshi yawe mbali na jengo la abiria, mafuta na silaha zisihifadhiwe upande ule ambao watoto husimama kumpokea shangazi yao, na uzio wa ndani ueleweke. Entebbe yenyewe imefanya hivyo kwa kiasi, maana eneo la uwanja wa zamani, ambako mateka walishikiliwa, limebaki upande wa jeshi huku abiria wakitumia jengo jipya. Gulu ina nafasi ya kupanga hivyo mapema, kabla majengo hayajajibana.

Kuhusu kupiga picha uwanjani nitasema machache. Afande anayemwambia kijana kwa Kiswahili cha kambini, "Weka simu mfukoni, hapa si sokoni," anatimiza kazi yake, na sina ugomvi naye. Kibao kinachoonyesha mpaka ambapo picha zinaruhusiwa kingewapunguzia wote wawili maneno.

Najua jibu litakalotolewa, nalo ni kwamba mambo ya jeshi hayaandikwi magazetini. Ni kweli kwa mambo ya jeshi. Hakuna raia mwenye akili timamu anayetaka kujua helikopta ngapi ziko tayari kuruka, wala zinaelekea wapi. Lakini saa ambazo uwanja umefungwa kwa ndege za kiraia, nani anatangulia pale ndege ya wagonjwa na ndege ya jeshi zinapotaka kutua kwa wakati mmoja, nani anakarabati lami na kwa bajeti ya nani, mpaka wa ardhi ya uwanja uko wapi ili mkulima asipande mihogo mahali atakapofukuzwa: yote hayo ni mambo ya utawala wa kawaida. Kuyaficha hakumzuii adui chochote, ila kunamzuia mwekezaji, na kunampa kila ofisa mpya anayehamishiwa hapa uhuru wa kuanza upya na masharti yake mwenyewe. Makubaliano ya mdomo huondoka na aliyeyatamka, na katika jeshi watu huhamishwa mara kwa mara.

Kama ningeulizwa tuanze na ukurasa upi wa hati hiyo, ningechagua ule wa zimamoto na uokoaji. Viwango vya kimataifa vinataka gari la kwanza la uokoaji liweze kufika sehemu yoyote ya njia ya kurukia katika muda usiozidi dakika 3. Kwenye lami ya zaidi ya kilomita 3, gari lililoegeshwa upande mmoja likisubiri ruhusa ya mtu aliye upande mwingine limekwisha kushindwa kabla ya kuwashwa. Kwa hiyo iandikwe kwamba ndege yoyote ikianguka, iwe ya abiria au ya jeshi, magari ya pande zote mbili yanatoka bila kungoja amri ya pili. Kwamba yanasikiliza masafa mamoja ya redio. Kwamba mtu mmoja aliyetajwa kwa cheo ndiye msimamizi wa eneo la ajali mpaka majeruhi wa mwisho aondolewe. Na kwamba mageti kati ya upande wa raia na upande wa jeshi yanaweza kufunguliwa na yeyote kati ya wazimamoto hao. Mazoezi ya pamoja yafanyike mchana, hospitali za Gulu zikiwa zimearifiwa, na muda uliotumika upimwe kwa saa ya mkononi na kubandikwa ukutani katika jengo la abiria.