Hizi zilipendwa za Kijapani ni za vuli, acheni kuzipeleka beach

Juzi nimekutana tena na ile klipu, ufukwe, minazi, glasi ya juisi, jua linazama, na chini yake wamebandika "Mayonaka no Door" ya mwimbaji wa Kijapani Miki Matsubara halafu wameandika eti mudi ya kiangazi. Nimekasirika kweli na nimekaa na hasira hiyo siku nzima. Huo wimbo umetoka Novemba 1979. Ndani yake kuna mwanamke anakumbuka koti la kijivu la mwanaume wake na doa la kahawa analolijua, aligonga mlango usiku wa manane analia usiondoke, majira ya baridi ya pili yameingia na moyo wa yule bwana umeshakwenda zake. Bahari iko wapi hapo? Mnazi uko wapi?

Najua kuna watakaosema muziki ni hisia, biti ikikugusa inatosha, lugha siijui na sina haja nayo. Sawa, na tena nakubali, ingawa inaniuma, kwamba bila hizi klipu wengi wetu tusingemjua Miki kabisa. Wimbo ulilipuka TikTok mwishoni mwa 2020, dunia nzima ikawa inaimba, na yeye mwenyewe alishafariki Oktoba 2004 akiwa na miaka 44, hakuona chochote. Kwa hilo nawashukuru hao wapiga klipu. Ila ukishampenda mtu kiasi hicho si usikilize na alichokuwa anasema?

Maana hawa watunzi wa Kijapani wa miaka ya 70 na 80 walikuwa wanaandika na kalenda mezani. Vuli ya kule si mvua zetu za vuli, ni majira kati ya kiangazi na baridi, na inaingia taratibu, vimbunga vya Septemba vinapita, unyevunyevu unaondoka hewani, halafu siku moja unatembea mtaani unapigwa na harufu ya kinmokusei, yale maua madogo ya rangi ya chungwa, mti wenyewe huuoni lakini harufu imejaa barabara yote. Nilipokuwa nasoma Nagoya nilikuwa naona watu wazima na mabegi yao ya kazini wanasimama kabisa njiani wanavuta pumzi kisha wanaendelea na safari. Baada ya hapo majani yanageuka, na mwishoni inakuja kogarashi, upepo mkavu wa kwanza wa baridi, ambao mamlaka ya hali ya hewa kabisa inautangaza ukifika Tokyo. Sasa mtunzi anayeishi katika hali hiyo hawezi kuandika mapenzi yaliyoisha bila kukwambia ni mwezi gani.

Chukua "September" ya Mariya Takeuchi, 1979, muziki wa Tetsuji Hayashi, huyuhuyu aliyetunga "Mayonaka no Door", maneno ya Takashi Matsumoto. Ukiusikiliza juujuu ni wimbo wa kuchezea. Kumbe binti anamfuata kwa macho kijana wa shati la rangi ya haradali anayeenda kukutana na mwanamke mkubwa kuliko yeye, na kamusi aliyoazima kwake atairudisha kesho, neno la mapenzi ameshalikata na kulitoa. Kiangazi kimeisha na mapenzi yake yameisha nacho, ndiyo maana ukaitwa hivyo!

Matsumoto huyohuyo ndiye aliyemwandikia Seiko Matsuda "Kaze Tachinu" mwaka 1981, muziki wa Eiichi Ohtaki, na mstari wa kwanza tu unakwambia upepo umeinuka, sasa ni vuli. Matsumoto na Ohtaki walikuwa pamoja kwenye bendi ya Happy End, Matsumoto akipiga dramu, enzi ambazo wenzao walikuwa wanabisha kwamba roki haiimbiki kwa Kijapani. Na ni Matsumoto aliyeandika "Momen no Handkerchief" ya Hiromi Ohta, 1975, kijana kapanda treni kaenda mjini, mchumba kabaki kijijini, wanajibizana ubeti kwa ubeti na kila ubeti kijana anazidi kupotea, na binti bado anamwambia kogarashi imeshaanza huko kwenye maghorofa, angalia afya yako. Japani ya wakati ule ilikuwa imeshapeleka vijana wake kwa matreni kutoka Tohoku, kaskazini, kwenda viwanda vya Tokyo miaka ya 50 na 60, kwa hiyo wasikilizaji walijua treni hiyo inaenda wapi na kwamba aliyeipanda mara nyingi harudi.

Lakini wimbo ambao hasa umenifanya nikae niandike ni "Cosmos" ya Momoe Yamaguchi. Ulitoka Oktoba 1977, mtunzi Masashi Sada, Momoe ana miaka 18. Kesho binti anaolewa. Maua ya cosmos yanatikisika kwenye jua la vuli, mama yake siku hizi machozi yako karibu, anakohoa kidogo uani. Anakaa barazani, anafungua albamu ya picha, anasimulia hadithi ileile ya utoto wa bintiye, anairudia tena na tena kana kwamba anajisimulia mwenyewe. Anamwambia hata shida zikija, muda ukipita mtazicheka. Binti anafunga mizigo, na anachoomba ni kuwa mtoto wa huyo mama kwa muda kidogo tu zaidi.

Sada aliuweka kwenye koharubiyori, zile siku chache za mwisho wa vuli ambapo jua linarudi kuwa la upole kabla baridi haijakaza, na alitaka hata kuuita hivyo kabla jina halijabadilishwa. Fikirieni hapo. Siku ya mwisho nyumbani imewekwa ndani ya joto la mwisho la mwaka, hakuna haja ya kueleza kitu kingine. Upeleke wimbo huo Julai, katikati ya kiangazi chao, na umeufuta.

Momoe mwenyewe alilelewa na mama peke yake, mji wa Yokosuka, na baba hakuwa mtu wa nyumbani. Miaka mitatu baada ya wimbo, tarehe 5 Oktoba 1980, aliimba mara ya mwisho kwenye ukumbi wa Budokan, Tokyo, akaweka maiki chini jukwaani, akaondoka, Novemba akaolewa. Alikuwa na miaka 21 na alikuwa nyota kuliko wote, na hadi leo hajarudi kuimba. Kila nikiusikia wimbo najua alikuwa anaelekea huko, hata kama yeye wakati anaurekodi hakuwa anajua.

Wiki ya harusi ya mdogo wangu, nyumba imejaa mashangazi na mabeseni, nilimpigia huu wimbo huku namtafsiria mstari kwa mstari. Tulipofika kwenye albamu akaniambia, "Dada, uzime." Mama alikuwa chumba cha pili anahesabu sahani.

Wanaotaka kitu cha karibuni zaidi wana bendi ya Fujifabric na wimbo wao wa kinmokusei wa 2004, ulioimbwa na Masahiko Shimura aliyefariki akiwa na miaka 29 tu. Nao usikilizeni Oktoba.

Kuna wanaoniambia "Cosmos" ya Sada mwenyewe, maana naye aliurekodi, ndiyo bora kwa sababu ni mtunzi. Anaimba vizuri sana, simkatai, ila kwake namsikia mtu mzima anayewaonea huruma wote wawili, mama na binti. Momoe anaimba kwa sauti ya chini, imenyooka, halii popote, anashikilia mpaka ombi lile la mwisho, maana mama yuko barazani na binti akianza kulia mama atasikia. Mimi nabaki na ya Momoe.