Mwathiriwa kwenye benchi la nje

Katika kesi nyingi za jinai nchini Kenya, aliyejeruhiwa au aliyeporwa huandikwa kwenye faili kuwa shahidi wa kwanza wa upande wa mashtaka, na hadi zamu yake ifike huketishwa nje kwenye benchi, fomu ya P3, ile ya polisi ambayo daktari huandika majeraha, ikiwa imekunjwa mkobani. Asubuhi hupita, kisha askari hutoka na kumwambia kwamba kesi imeahirishwa. Kwa nini imeahirishwa, au iwapo mshtakiwa amepewa dhamana, hamna anayemweleza. Huenda akaligundua la dhamana siku atakapokutana na mshtakiwa stejini.

Kwenye karatasi hali ni tofauti. Ibara ya 50(9) ya Katiba ililitaka Bunge kutunga sheria ya kuwalinda waathiriwa, nayo ikatungwa mwaka wa 2014. Mwaka wa 2020, katika rufaa ya kesi ya mauaji iliyotoka Bungoma, Mahakama ya Juu iliamua kwamba mwathiriwa anaweza kushiriki kesi inaposikilizwa, bila kungoja hatua ya kutoa adhabu, na kwamba jaji anaweza kumruhusu yeye au wakili wake kumuuliza shahidi maswali ambayo kiongozi wa mashtaka hakuyauliza. Wakenya walikuwa wamekwisha kuona jambo la namna hiyo katika Mahakama ya Kimataifa ya Jinai, The Hague, ambako waathiriwa wa ghasia zilizofuata uchaguzi wa 2007 walikuwa na wakili wao.

Hoja ya wenye wasiwasi si ya kubezwa. Washtakiwa wengi hujitetea bila wakili, hata katika mashtaka mazito kama wizi wa mabavu, na mtu wa aina hiyo akikabiliwa na kiongozi wa mashtaka pamoja na wakili wa mwathiriwa, mizani imeinama kabla shahidi hajaapa. Kuna pia hofu kwamba adhabu itapimwa kwa ufasaha wa mjane, na kwamba marehemu asiye na jamaa wa kumsemea ataonekana duni. Hofu hiyo ya pili ndiyo inayonisumbua zaidi. Hata hivyo, Mahakama ya Juu iliweka mipaka: kazi ya kuendesha mashtaka inabaki kwa Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma peke yake, maoni ya mwathiriwa hayaifungi mahakama, na ushiriki wake usiathiri haki za mshtakiwa wala kuchelewesha kesi isivyostahili.

Kinachosahaulika katika mjadala huu wa mawakili ni kwamba waathiriwa walio wengi hawaombi kuuliza swali lolote. Wanaomba kuarifiwa, na kutoarifiwa kunaigharimu mahakama yenyewe. Chukulia mama muuza mboga aliyevunjwa mkono: kila tarehe humpotezea nauli ya kwenda na kurudi pamoja na mauzo ya siku nzima, na baada ya safari ya tatu ya bure jamaa za mshtakiwa humjia jioni na pesa kidogo, wakimwambia kwamba kesi hiyo haitakwisha. Hana cha kuwajibu, kwa sababu hata yeye hajui imefika wapi. Asipofika tena, upande wa mashtaka huomba kuiondoa kesi chini ya kifungu cha 87(a) cha sheria ya taratibu za kesi za jinai, na faili hufungwa kana kwamba ni yeye aliyekataa haki. Mshtakiwa asiye na hatia naye hapati nafuu kamili, kwa kuwa kesi iliyoondolewa hivyo inaweza kufunguliwa upya, na mtaani jina lake halijasafishwa.

Sheria ya 2014 inataka usalama wa mwathiriwa na wa jamaa zake uzingatiwe masharti ya dhamana yanapowekwa. Sioni namna hakimu atakavyouzingatia ikiwa mhusika yuko nje kwenye benchi, au yuko nyumbani bila habari kwamba ombi la dhamana linasikilizwa leo. Ni kweli kwamba shahidi hapaswi kuwasikia wenzake kabla ya kutoa ushahidi wake. Lakini aweza kutangulizwa, kisha akabaki ndani. Na kabla ya kutaja tarehe mpya, hakimu anaweza kumuuliza kiongozi wa mashtaka iwapo mwathiriwa ameelezwa, na ni nani aliyemweleza, kisha jibu hilo likaandikwa kwenye faili.