Rokuroniamu nusu dozi inaniogopesha kuliko suksa

Juzi, kwenye kundi letu la WhatsApp la watu wa usingizi wa upasuaji wa huku Kaskazini, kijana mmoja aliyetoka masomoni aliandika: "Hivi mpaka leo kuna mtu bado anatumia suksa?" Zikamiminika dole gumba. Mwingine akaongeza kwamba kwake yeye ni rokuroniamu tu, mgonjwa yeyote, saa yoyote. Hizo ni dawa mbili za kulegeza misuli ili mgonjwa apitishiwe tyubu, yaani bomba la kupumulia. Nilitaka kunyamaza, lakini Desemba inakaribia na nimeshindwa.

Desemba ya Moshi mnaijua. Watu wanarudi nyumbani, barabara za Marangu, Kibosho na Rombo zinajaa magari, mbuzi wanachinjwa, mbege inanyweka, na ikifika usiku tunaanza kupokea majeruhi wa bodaboda. Mtu anafika bandama imepasuka, tumboni ana nyama na ndizi alizokula jioni ile ile. Huyo humwambii afunge kula kwa masaa sita ndipo umlaze. Na ajali yenyewe inalifanya tumbo ligome kusaga, kwa hiyo hata ukimsubirisha bado limejaa. Unachoweza ni kumpa oksijeni ya kutosha, mashine ya kufyonza iwe inanguruma karibu na kichwa chake, kisha ndani ya dakika moja hivi awe amelala, misuli imelegea, tyubu imepita kwenye nyuzi za sauti na puto lake limejazwa. Chakula kikipanda kabla ya hapo kinaingia mapafuni.

Kwa dakika hiyo tuna dawa mbili. Suksamethoniamu, yaani suksa, miligramu 1 hadi 1.5 kwa kilo, inalegeza ndani ya dakika moja na kwa watu wengi inaisha ndani ya dakika kumi hivi. Ipo vyumba vya upasuaji tangu miaka ya 1950. Rokuroniamu ilikuja miaka ya 1990, na ukiitoa kwa miligramu 1.2 kwa kilo inakimbia karibu sawa na suksa. Uchambuzi wa Cochrane, mtandao wa kimataifa unaopitia tafiti za tiba, wa mwaka 2015, uliokusanya tafiti 50 zenye wagonjwa zaidi ya 4,000, ulikuta kwa ujumla suksa inatoa mazingira bora zaidi ya kuingiza tyubu, ila rokuroniamu ikipanda hadi 1.2 tofauti haionekani. Basi wanaoisifia hawasemi uongo. Ila sentensi yao wanaikata katikati, kwenye neno dozi.

Nieleze ninachokiona. Kichupa cha rokuroniamu kina miligramu 50. Anakuja baba wa kilo 80, dozi yake ya haraka ni miligramu 96, yaani karibu vichupa viwili kamili. Anapewa kimoja. Kwa nini? Kwa sababu kimefunguliwa kimoja. Miligramu 50 kwa kilo 80 ni 0.6 na kidogo, dozi nzuri kabisa kwa mgonjwa aliyefunga kula, anayefanyiwa ngiri Jumanne asubuhi, ambaye unaweza kumpulizia hewa kwa barakoa taratibu huku ukisubiri. Kwa dozi hiyo unasubiri dakika moja na nusu, wengine dakika mbili na zaidi, na huwezi kujua mapema huyu uliye naye ni wa kundi gani. Kwa tumbo lililojaa huo ni muda mrefu mno.

Niliwahi kuitwa kusaidia kwenye hospitali moja, dereva wa lori, mtu wa miraba minne. Kichupa kimoja kilishaingia. Baada ya dakika moja mwenzangu akaweka laringoskopu, chombo cha kuangalia kooni, na nyuzi za sauti nikaziona kwa jicho langu: zinakutana na kuachana, mwili haujalegea. Akajaribu kupitisha tyubu, yule baba akakohoa, na kikapanda kila alichokula. Tulimgeuza, tukafyonza, tyubu ikaingia baadaye. Alipona, Mungu mkubwa, lakini mapafu yake yaliteseka na alikaa kwenye oksijeni muda mrefu baada ya jeraha lenyewe kutulia. Ampuli moja ya suksa ya miligramu 100 ilikuwa kwenye friji hatua chache kutoka pale, na hakuwa na sababu yoyote ya kunyimwa.

Kuna jambo la fedha pia, na tusiliogope. Sehemu nyingi ndugu ndiye anayetumwa dukani. Anarudi usiku na kichupa kimoja mkononi, ukimwambia kinahitajika kingine anakutazama: "Dokta, hiki kimoja hakitoshi kweli?" Ni mtu aliyekwisha kukopa kwa jirani. Najua ugumu wa kumjibu. Lakini jibu ni kwamba hakitoshi. Kama cha pili hakipatikani na mgonjwa hana kizuizi cha suksa, basi mpe suksa. Kinachonikera ni kuigawa dozi ili itoshe mfuko, halafu kwenye fomu tukaandika kwamba tumelaza kwa njia ya haraka.

Haya, tuseme vichupa viwili vipo na dozi imekamilika. Sasa umempooza mtu kwa saa nzima, pengine zaidi. Ketamini uliyompa ya kumlaza inakwisha baada ya dakika kumi, ishirini; propofoli huisha mapema zaidi. Usiku, watu wachache, kila mmoja anahangaika na damu na mkunga wa zamu anakuita chumba cha pili, ni rahisi kuchelewa kufungua gesi ya usingizi. Mgonjwa anazinduka akiwa hawezi hata kupepesa jicho, anasikia kisu. Dalili ni mapigo yanayopanda, shinikizo linalopanda, machozi yanayochuruzika pembeni ya jicho. Nawaomba sana wadogo zangu: mkichagua rokuroniamu, gesi au dozi ya pili ya usingizi iwe tayari kabla hamjafunga tyubu kwa plasta.

Na msiniambie kuna sugamadeksi, dawa ya kuifuta rokuroniamu. Ni dawa nzuri ajabu, Ulaya wameiidhinisha tangu 2008. Lakini ya kumwokoa mtu mara baada ya dozi kubwa ya rokuroniamu ni miligramu 16 kwa kilo. Mtu wa kilo 70 anahitaji miligramu 1,120, na kichupa cha kawaida kina 200. Vichupa sita, vivutwe huku oksijeni inashuka. Nani kati yetu ana vichupa sita kwenye friji usiku wa leo? Neostigmini, dawa ya zamani ya kuondoa ulegevu, nayo haiwezi kuuvunja ulegevu mzito uliotoka kuanza.

Sisemi suksa ni malaika. Wanaosema "itaisha mwenyewe, mgonjwa atapumua" wanajidanganya; mjamzito, mtoto au mtu mnene oksijeni yake inaweza kuporomoka kabla suksa haijaachia. Mtu mwenye tatizo la kimeng'enya cha kuivunja atalegea kwa masaa. Misuli huuma kesho yake. Joto kali la ghafla la mwili ni nadra, lakini likija bila dantrolini, dawa yake, ni msiba. Na dawa iliyosahaulika nje ya friji wiki kwa wiki kwenye joto la Februari usiitegemee.

Hapa ndipo yule kijana ana haki yake, na namkabidhi. Mtoto aliyeungua kwa uji wa moto, akaletwa wiki tatu baadaye kupandikizwa ngozi: suksa marufuku. Misuli yake imebadilika, itamwaga potasiamu kwenye damu na moyo unaweza kusimama pale pale mezani. Siku ya kwanza ya kuungua haina shida hiyo. Hatari inaanza baada ya siku moja au mbili na hudumu miezi mingi. Vivyo hivyo kijana aliyeanguka juu ya mparachichi akavunjika uti wa mgongo, akapooza, na sasa ni siku kadhaa zimepita. Vivyo hivyo mgonjwa wa figo ambaye potasiamu yake iko juu tayari, na mtoto wa kiume unayemshuku ugonjwa wa misuli. Hao wote rokuroniamu, dozi kamili, bila mjadala. Lakini mtu lazima aulize: umeungua lini, umepooza tangu lini? Swali hilo halichukui nusu dakika.

Nimemwandikia kijana pembeni na amenijibu kwa heshima. Tumekubaliana kupeleka kwa wasimamizi wetu mambo mawili. Mizani ya kupimia wagonjwa kitandani, maana kilo tunazibuni. Na trei ya dharura yenye ampuli mbili za suksa na vichupa vitatu vya rokuroniamu, inayofunguliwa kwanza na kulipiwa baadaye, ili dozi isiamuliwe na alichobeba ndugu kutoka dukani. Kuhusu suksa kustaafu, hilo bado hatujakubaliana, na naomba wengine mchangie kabla magari ya Desemba hayajaanza kupanda.